Wajukuu Wameshika Maikrofoni: Mwaka Wangu wa Nyimbo kati ya Ruiru na Thika

Acha unachofanya uitafute albamu The Adept ya Lord Spikeheart. Nimeimaliza jana usiku nyumbani Ruiru, nikairudia asubuhi nikielekea Thika, na hadi sasa mwili haujatulia! Ilitoka 2024, mimi ndiyo kwanza naifikia, na imenifungia kwa kishindo mwaka mzima wa kusaka nyimbo za wanamuziki wetu huru. Ngoma zinashuka kama mvua ya mawe juu ya mabati, magitaa yananguruma, na juu yake kuna sauti inayotoka chini kabisa ya kifua.

Mwenye sauti ni Martin Khanja, yule wa kundi la Duma. Sasa ana lebo yake mwenyewe, Haekalu, na albamu hii ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki Septemba 2023, nyanya wa ukoo wake. Nilipojua hilo nilirudi kwenye wimbo wa kwanza na kuanza upya. Safari hii yale mayowe niliyasikia yakitoka msituni, kwa mtu aliyekataa kusalimu amri.

Na ajabu ni kwamba mwaka wenyewe nilikuwa nimeuanza na mjukuu mwingine. Ilikuwa Januari, kiti cha nyuma cha matatu, hedifoni masikioni, Peel ya KMRU ikianza. Albamu hiyo ya 2020 haina ngoma wala mwimbaji. Sauti zinakuja polepole kama ukungu, zinatanda, zinaondoka. Wimbo uliobeba jina la albamu unapita dakika 20: ulianza tukitoka Ruiru, ukatuvusha Juja, na mahali fulani njiani nikashindwa kutofautisha muziki na gari. Ule mvumo mzito ulikuwa wa injini au wake? Nilivua hedifoni nikasikia matairi, upepo dirishani, konda akigonga bodi kwa sarafu. Nikazivaa tena, na kila kitu kilikuwa kimeingia ndani ya wimbo. Sijawahi kuisikia Thika Road hivyo maishani mwangu!

Sasa chukua jina Kamaru, ondoa a zote mbili. Unabaki na KMRU. Jina lake ni Joseph Kamaru, sawasawa na babu yake, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018, na mjukuu amekuwa akiziweka upya nyimbo za mzee kwenye Bandcamp. Nikazama huko wiki nzima. Mzee aliimba, akarekodi, akaendesha lebo na duka lake Nairobi. Leo tunauita huo muziki huru kana kwamba umebuniwa juzi. Na mwaka 1975, mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa na wengi wakiogopa hata kulitaja jina lake, Kamaru alimwimbia.

Wimbo huo niliupeleka kwa shosho wangu, Thika. Gitaa halikuwa limemaliza mstari wa kwanza akaweka kikombe chini.

"Huyu ni Kamaru! Umemtoa wapi?"

Akaimba hadi mwisho, hakukosa neno hata moja. Mimi nilikuwa nimejiona mgunduzi.

Kutoka hapo nilijua ninachotafuta: muziki wa wazee mikononi mwa vijana. Nikampata Labdi, na lo, ule uzi mmoja! Orutu ni fidla ya Waluo yenye uzi mmoja tu, na kwa mila ilikuwa ya wanaume. Labdi ameishika, akaipiga, akaimba juu yake, na uzi ule unalia karibu kabisa na sauti yake hadi unadhani ni dada wawili wanaojibizana. Sikiliza upinde unapokwaruza kabla noti haijatulia. Mkwaruzo huo peke yake unatosha kukukalisha chini.

Usiku wa Ruiru nao una albamu yake: Asali ya Maya Amolo, ya 2022. Ni laini, ya siri, ya taa zilizozimwa. Isikilize saa tano, majirani wakiwa wamelala.

Lakini kipimo cha mwisho kilikuwa kwa shosho. Nilimvisha hedifoni nikamwekea Peel, bila kumwambia ni ya nani. Alifumba macho. Dakika zikapita, hakusema kitu, na nikaanza kuwaza nimemchosha.

"Ni kama mto Chania usiku," akasema, "ukiusikia kwa mbali."

Ndipo nikamwambia ni mjukuu wa Kamaru. Alitikisa kichwa taratibu, akazirudisha hedifoni masikioni mwenyewe.

Jumapili hii napanda tena matatu ya Thika. Nampelekea The Adept. Ina kelele, najua, lakini nitaanza kwa kumtajia jina la Muthoni wa Kirima, kisha nibonyeze kitufe.