Somo linaishia mlangoni

Katika vitabu vyetu hivi tumezoea kuandika juu ya mila za ndoa, za kilio na za mavuno. Safari hii tunataka kuchunguza jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa nalo kama mila hapa Bukavu na vijiji vya kandokando: mafundisho wanayopewa akina mama wenye mimba kwenye kliniki, ile tunaita CPN, na yale ya siku ya kilo, mtoto akisha kuzaliwa. Watu wengi wanayasifu. Sisi pia tunayasifu, lakini tunaona yana kilema, na kilema kikifichwa hakiponi.

Tuanze na mazuri. Tuliketi mara kadhaa nyuma ya bamama kwenye kituo kimoja cha afya. Kabla ya mizani na kipimo cha presha, wanaimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia na kupiga makofi, hata yule aliyefika na usingizi anaamka. Halafu muuguzi anafungua picha zake na kuonyesha hatari: kuvuja damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso kuvimba, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona moja tu, usingoje asubuhi. Tena tangu mwezi wa 4 mama anameza dawa ya kuzuia malaria mbele ya muuguzi, na anairudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi. Anapewa vidonge vya kuongeza damu. Hiyo siyo kazi ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulikadiria kwamba kwetu Kongo, kwa kila watoto 100.000 wanaozaliwa hai, akina mama 846 walikuwa wanakufa kwa ajili ya mimba au uzazi.

Sasa kilema. Somo linaongea na mama peke yake, kama vile nyumba ni yake, makuta ni yake na neno la mwisho ni lake. Mama mmoja aliyezaa mara ya kwanza alituelezea yaliyompata. Kliniki walimfundisha kwamba mtoto anyonye tangu saa ya kwanza, hata yale maziwa ya manjano ya mwanzo, na asipewe kitu kingine, hata maji, mpaka miezi 6. Siku ya pili alirudi nyumbani. Mama mkwe aliona maziwa ya manjano, akayakamua na kuyamwaga: «Ile ni buchafu, itaumiza mutoto.» Akamkorogea mtoto maji na sukari. Binti alijua somo lote kwa moyo, aliweza hata kuliimba. Lakini angefanya nini? «Ningemujibu, bangesema sina heshima. Nilinyamaza tu.» Mtoto aliharisha karibu wiki nzima. Alipona, lakini wengine hawaponi. Somo lilikuwa la kweli. Lilimfikia tu mtu asiyeweza kuamua.

Kilema cha pili: kwenye kliniki mila zote zinatiwa katika kikapu kimoja, na mama anaambiwa aziache. Sisi tunasema zichambuliwe kama maharagi. Kukaa ndani baada ya kuzaa, kwa mfano, ni mila nzuri. Mzazi hachoti maji, habebi kuni, haendi shambani. Anakula chakula cha moto, jirani analeta uji, mwingine sombe na sambaza. Ni munganga gani atakayekataa hayo? Lakini mzazi kukatazwa mayai, mtoto mchanga kunyweshwa majani, kitovu kupakwa majivu au mavi ya ng'ombe, hayo yanaua au yanadhoofisha. Na kuhusu mayai, bado hatujasikia jibu zuri kwa swali hili: kama yai ni baya hivyo, kwa nini baba analila?

Hata ile mila nzuri ina giza lake. Siku za kwanza baada ya kuzaa ndizo za hatari zaidi kwa kuvuja damu na kwa homa ya uzazi. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe katika siku ya kwanza, tena siku ya 3, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Siku hizo mama yuko ndani. Nani anamuona? Siyo muuguzi. Ni mama mkwe na wazee wanawake. Wao ndio wanaofua vitambaa vyake, ndio wa kwanza kusikia harufu mbaya au mwili kuwaka moto. Na hao ndio ambao somo halijawagusa.

Baba naye hayuko. Wimbo unasema «ukimbie maternité», lakini haumwambii nani atatafuta pikipiki usiku na nani atalipa. Mwaka 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa. Hata hivyo, familia iweke akiba tangu mimba inapojulikana.

Tulikwenda kumuona yule mama mkwe. Hakutufukuza. Alisema: «Miye hakuna mutu aliniita. Bangeniita, ningeenda.» Neno hilo lilitupiga sisi wenyewe. Katika chama chetu tunawaita wazee wanawake waje kucheza ngoma siku ya sikukuu, tunawapiga picha, basi. Hatujawauliza walizaa namna gani, wala walizika watoto wangapi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wakubwa wa vituo vya afya watenge siku moja kila mwezi kwa mama wakwe na mabwana, na wawaongeleshe kwa heshima, kwa lugha ya nyumbani, bila kuwaita wajinga. Na sisi wa chama tuwape wazee wanawake nafasi ya kutunga nyimbo za somo hilo kwa lugha zetu, maana wimbo ukianzishwa na mama mkwe, binti hatakuwa na haja ya kunyamaza.