Mapigo Kumi na Tano: Jinsi "Mwandishi" Ilivyoundwa

Ukitaka kuielewa santuri ya Mwandishi ya Herbie Hancock, kiache kinanda kwanza. Fuata besi. "Ostinato (Suite for Angela)", kipande cha kwanza, kimesimama juu ya kifungu kimoja cha besi kinachojirudia kwa dakika zipatazo 13, na kifungu hicho kina mapigo 15. Sikio lililozoea kuhesabu nne nne hulisubiri la 16. Halifiki, duru nyingine imeshaanza. Ufundi wote umo katika upungufu huo. Yangetimia 16, muziki ungekaa kitako. Kwa kuwa limepungua moja, daima unasukumwa mbele, na hakuna mchezaji anayepata pa kusinzia.

Kifungu hicho amekishika Buster Williams, huku Bennie Maupin akikitia uzito kwa klarineti ya besi. Wapiga drams ni wawili, Billy Hart na mwalikwa Ndugu Chancler, na konga ni za mwalikwa mwingine, José Areas. Aliyekulia kwenye ngoma za chakacha huku bara ya Mombasa anaujua mpangilio huu bila kufundishwa: chapuo na vumi zinashikilia, msondo unasema. Ila hapa nafasi ya msondo haina mwenyewe. Mara inachukuliwa na tarumbeta ya Eddie Henderson, mara na Fender Rhodes, kinanda cha umeme cha Hancock, na wakati mwingine wanasema kadhaa kwa pamoja bila kupigana vikumbo. Kipande kilitungwa kwa ajili ya mwanaharakati Angela Davis, ambaye walipokuwa wakirekodi San Francisco mwishoni mwa 1970 alikuwa gerezani akisubiri kesi. Sidhani kwamba besi isiyopata utulivu ilikuja kwa bahati.

Jambo la pili ni mwangwi. Sauti ya Rhodes ilipitishwa kwenye kifaa cha utepe kinachoirudisha ikiwa imechelewa kidogo, hivyo Hancock anajikuta akijibizana na alichokipiga sekunde iliyopita. Katika "You'll Know When You Get There" ujanja huu unaufanya ukimya wenyewe uwe na umbo.

Lakini kazi kubwa zaidi iko upande wa pili wa santuri: "Wandering Spirit Song" ya mpiga tromboni Julian Priester, zaidi ya dakika 21. Inaanza kwa wimbo wa pole wa ala za kupuliza, wimbo unaoweza kuuimba. Kisha mapigo yanalegea, ufunguo unapotea, hadi unabaki na sauti tupu zinazosuguana, na baadaye kabisa wimbo unarejea. Wanaosema jazi huru ni makelele wakipe kipande hiki muda wake. Wanamuziki hawa wanaibomoa nyumba tofali kwa tofali, na kila tofali unaliona likitoka.

Ndipo tufike kwenye majina. Kila mwanabendi alikuwa na jina la Kiswahili: Hancock Mwandishi, Williams Mchezaji, Hart Jabali, Maupin Mwile, Priester Pepo Mtoto. Henderson aliitwa Mganga, na alikuwa daktari aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard. Majina yalianzia kwa James Mtume, kijana wa kundi la mwanaharakati Maulana Karenga kule Los Angeles, aliyekutana na Hancock na Williams mwaka 1969 katika kurekodi Kawaida, santuri ya ami yake, Albert Heath.

Wapo wanaoyaona majina haya kuwa mapambo, kwa kuwa mababu wengi wa Wamarekani Weusi walitoka Afrika Magharibi. Kwetu Frere Town, Mombasa, hoja hiyo haina nguvu. Mji huu uliwekwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa CMS kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, waliotupwa pamoja wakiwa na lugha mbalimbali. Kiswahili hakikuwa cha mama zao pia. Walikifanya chao kwa sababu kiliweza kuwabeba wote. Kina Karenga walichagua kwa hoja hiyo hiyo, lugha isiyo ya kabila moja, na bendi ya Hancock ikaipiga hoja hiyo: watu sita, hakuna anayeongoza kwa muda mrefu.

Ukilinganisha na santuri ya Uhuru Afrika ya Randy Weston ya 1960, kule Kiswahili kinasikika waziwazi. Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anayasoma maneno ya Langston Hughes, kisha bendi kubwa iliyopangwa na Melba Liston inaingia. Ni kazi adhimu, lakini kila mtu ana karatasi yake ya noti. Kwenye Mwandishi karatasi ni chache mno, na jukumu la kusikilizana ni zito zaidi.

Bendi ilivunjika mwaka 1973 kwa kulemewa na gharama. Kabla ya hapo iliacha Crossings (1972), ambamo Patrick Gleeson aliingia na sintesaiza ya Moog, na Sextant (1973). Anayeweza kuhesabu 15 za "Ostinato" bila kuteleza aende kwenye "Hidden Shadows" ya Sextant. Huko mapigo ni 19.