Wimbo Si Mapumziko: Muvi za Kihindi na Mkasi wa Mtafsiri

Mtafsiri wa muvi za Kihindi akifika kwenye wimbo, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili: anaupeleka mbele, au anaongea juu yake mpaka uishe. Kwenye vibanda umiza vya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda sijamsikia anayelalamika. Wimbo ni muda wa kwenda kununua karanga. Mimi nasema hapo ndipo tunapoibiwa.

Tumpe kwanza haki yake. Mtafsiri mzuri ni msanii. Tangu enzi za Lufufu wa Dar es Salaam, kazi hii haijawa ya kugeuza neno kwa neno. Mtafsiri anasimulia, anaigiza sauti, anamtania jambazi, anamweleza bibi wa Kyerwa kwa nini baba mkwe kakasirika. Bila yeye, wengi wetu tungejua ngumi tu.

Lakini sinema ya Kihindi yenye sauti ilizaliwa ikiimba: Alam Ara, ya kwanza, mwaka 1931, ilikuwa na nyimbo saba. Sasa chukua Mughal-e-Azam, filamu ya K. Asif ya mwaka 1960. Katika nakala niliyoiona, mtafsiri anatisha kweli pale Mfalme Akbar anapogombana na mwanawe Salim kwa sababu ya Anarkali, mcheza dansi wa ikulu. Kisha unafika ule usiku ambapo Salim anampapasa Anarkali usoni kwa unyoya. Hawasemi kitu. Kwa mbali anaimba Tansen, mwanamuziki wa baraza la Akbar, na sauti tunayoisikia ni ya Bade Ghulam Ali Khan, bingwa wa muziki wa kale wa India Kaskazini. Anaimba katika raga Sohni, ambayo kwa desturi ni ya usiku mkubwa. Yaani wimbo wenyewe unakwambia ni saa ngapi, na kwamba kunakaribia kucha.

Mtafsiri wetu akajazia hapo utani wa manyoya ya kuku. Watu walicheka, na utani ulikuwa mzuri. Ila penzi lote la filamu limejengwa kwenye dakika zile. Ukizifunika, baadaye Anarkali anapoadhibiwa unaona binti mkaidi tu, huoni alichonyang'anywa.

Jamani, sisi wa Kagera ndio tungepaswa kulielewa hili haraka. Mpiga enanga husema, akaimba, akarudi kusema, na nyuzi zikamjibu. M. M. Mulokozi, aliyezitafiti tendi hizo za Wahaya, alizichukulia kama fasihi kamili, maneno na muziki pamoja. Mwambie mpiga enanga aruke kuimba abakize kisa tu. Atakuuliza umekuja kusikiliza nini.

Siku hizi kwenye harusi zetu nimemwona mzee wa enanga akipewa dakika chache kabla ya chakula, na MC anaongea juu yake. Mkasi ni uleule. Mtoto aliyezoea kwamba wimbo ni kelele kati ya maneno, atamsikilizaje huyo mzee?

Dawa yenyewe haina gharama. Kabla ya wimbo, mtafsiri aseme sentensi mbili: nani anaimba, na moyo wake unataka nini. Halafu azime maiki. Karanga zitasubiri.