Hofu ya Macho ya Watu: Mwana Kupona, Utubora na Kazimoto

Maneno "msongo wa mawazo" hayana umri mkubwa katika lugha yetu, lakini yamekwisha enea. Husikika redioni, hospitalini na ndani ya mabasi. Shina lake ni la kale. Mpishi husonga ugali, watu husongamana mlangoni, na roho ya mwenye dhiki husongwa. Wasiwasi nao tumeupokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, yaani sauti ndogo isiyomwacha mtu hata akiwa peke yake. Lakini kuna taabu moja ambayo hatujaipatia jina jepesi: ile ya mtu anayeogopa macho ya wenzake. Sababu yake nadhani ni hii, kwamba tunaisifu haya. Kumwambia mtu hana haya ni tusi. Kumwambia haya zake zimezidi hata zinamdhuru, hilo hatukuzoea kulisema. Katika makala haya nataka kutazama jinsi maandishi matatu ya Kiswahili yalivyoikabili taabu hiyo, na kupima kama dawa zake zatufaa.

La kwanza ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa karibu na mwaka 1858. Mtunzi alikuwa mgonjwa, naye alitaka kumwachia bintiye wosia. Wengi huusoma kwa ajili ya dini na unyumba. Wengine, hasa siku hizi, huushitaki kuwa unamweka mke chini ya mume. Mashitaka hayo yana haki yake, wala siyakanushi. Walakini upo upande mwingine usiotazamwa sana. Hapa kuna mama anayehisi kuwa siku zake zimekaribia kwisha, na mtoto atakayebaki peke yake mbele ya watu. Kwa hiyo anamfundisha namna ya kuutunza ulimi, namna ya kuwa na adabu kila aendako, nani wa kuketi naye na nani wa kumwepuka. Ajuaye pake pa kuketi na jibu la kutoa hatetemeki baraza inapojaa.

Dawa hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu iliandikwa kwa miji ambayo watu wake walijuana kwa nasaba. Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya mwaka 2022, ilihesabiwa watu zaidi ya 5,380,000. Kijana anayeshuka stendi leo hukutana kwa siku moja na watu wengi kuliko aliokutana nao binti yule kwa mwaka mzima, na hapana mzazi awezaye kumwandikia adabu ya kila mmoja wao. Wosia wa Mwana Kupona unatufundisha kuwa hofu hupungua mtu anapoandaliwa. Hautufundishi la kufanya pale maandalio yanapokwisha.

La pili ni Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaiacha kazi ya ofisi mjini Unguja yenye mshahara wa kuridhisha, anakwenda shamba Busutamu kushika jembe. Shaaban Robert hakuwa mgeni wa meza za ofisi. Alitumikia Forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944. Alijua uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kwa hiyo anaposifu udongo, miti na utulivu, hatuna haki ya kumcheka kama mtu anayeota ndoto. Kazi ya mikono ina jambo moja ambalo kazi ya karani haina: mhindi haumtazami mkulima kwa dharau, wala haumwulizi kwa nini alichelewa.

Hata hivyo dawa hii nayo ina kasoro. Utubora anaweza kuondoka kwa sababu ana pa kwenda na ana moyo ulio mzima. Kondakta mwenye watoto wanne na chumba cha kupanga hana Busutamu yake. Tena mwandishi, kwa mapenzi yake kwa shujaa, amemfanya mwema mno hata hatuoni usiku wake mmoja wa shaka. Tunaonyeshwa mtu aliyekwisha pona, hatuonyeshwi alivyopona.

Usiku huo wa shaka tunaupata katika kitabu cha tatu, Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, tunamkuta mwanzoni akingoja katika ofisi ya mkuu wa wilaya, na mkuu huyo ni Manase, aliyejuana naye tangu zamani. Wahakiki wetu wamezoea kupita upesi hapo ili wafike kwenye falsafa: upweke wa mwanadamu, kutokuwa na maana kwa maisha, na wanafalsafa wa Ufaransa. Sisemi wamekosea. Nasema wameruka kiti. Mtu aliyesoma kuliko wote waliomzunguka amekaa akihesabu jinsi anavyotazamwa. Falsafa inakuja baadaye, na kwa usomaji wangu inakuja kama nguo ya kuifunika fedheha ile.

Tazama anavyozungumza. Kazimoto na wenzake hujadili habari za Mungu, maisha na mauti, na hoja zake ni kali. Lakini dada yake Rukia anapoharibiwa na Manase na kufa, na mama naye anapofuata, maumivu yale tunayasikia zaidi sisi wasomaji, kwa kuwa yeye ndiye msimulizi. Sisi tunapewa moyo wake. Wenzake wanapewa hoja. Hapo ndipo ustadi wa Kezilahabi ulipo, na ndipo Kazimoto anapopotelea, hata mwisho anajiua.

Lakini nina shitaka moja juu ya riwaya hii. Mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na balaa hilo linafika pia kwa Kazimoto na mkewe Sabina. Mwandishi analifanya ishara ya kizazi kisicho na kesho. Ugonjwa wa kichwa maji si hukumu. Upo upasuaji wa kuyapunguza maji hayo, na watoto wengi wamekua kwa sababu yake. Kama ishara ile ni pungufu, basi na lile linaloashiriwa lina upungufu huo huo. Kukata tamaa kwa Kazimoto kumeandikwa kana kwamba ni hitimisho la hesabu, hali kulikuwa ni ugonjwa uliokosa mganga.

Sikuyajua haya kwa akili yangu. Nilipokuwa nikifundisha riwaya hii, alikuwapo kijana aliyeketi nyuma, asiyenena neno. Mwaka mzima nilimpunguzia alama za majadiliano, nikidhani kimya chake ni uvivu. Mwisho wa insha yake aliandika: "Mwalimu, mbona hapana aliyemwuliza Kazimoto ana nini?" Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mimi nami sikuwa nimemwuliza yeye. Nilipomwita na kumwuliza, alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa kila niliponyosha kidole kuchagua msemaji, alikuwa haoni ubao.

Tangu siku hiyo nimeisikia salamu yetu kwa sikio jingine. Tunaulizana "hujambo," na jibu ni "sijambo," yaani sina jambo, hata kama mambo yamejaa tele. Aliyefiwa asubuhi hujibu "salama" kwanza. Mgeni huweza kudhani ni uongo. Ni heshima, maana hatutaki kumtwika mwenzetu mzigo kabla hajaketi. Lakini wazee waliacha mlango, nao ni neno "lakini." "Salama, lakini..." Muulizaji mwenye utu hungoja neno hilo. Mjini tumebaki na salamu, tumepoteza kungoja. Mtu hujibu "salama" na mwenzake amekwisha pita.

Mwana Kupona alimwandaa mwanawe kwa adabu, Shaaban Robert akatuonyesha utulivu wa kazi, na Kezilahabi akatuonyesha mtu aliyekosa vyote viwili. Vitabu vyao na vifundishwe kwa pamoja, si kimoja kimoja. Na mwalimu atakayevifundisha asisahau kutazama viti vya nyuma, amwulize aliyeketi huko ana nini, kisha angoje.