Uhakiki: Khabari za Makatizo katika Mwongozo wa avr-libc

Mwongozo wa avr-libc, maktaba ya lugha ya C kwa maikrokontrola za AVR, husomwa na mafundi kwa haja ya kazi, nao huupitia kama mtu apitiavyo orodha ya bei. Hata hivyo ni maandishi, na sura yake ya makatizo yastahili kupimwa kama maandishi mengine, maana neno likipunguka hapo, chombo huharibika mikononi mwa mtu.

Katizo ni ishara itokayo katika sehemu fulani ya chombo, kama saa yake ya ndani au mlango wa kupokelea herufi, ikiitaka programu iache iliyokuwa ikifanya, itimize shughuli fupi, kisha irudi pale pale ilipoachia. Jina hili lafaa kuliko “dakizo”: mwenye kudakiza humpinga mwenziwe, bali programu iliyokatizwa yapasa kuendelea kana kwamba haikusikia neno. Ugumu wa jambo hili si wa leo. Edsger Dijkstra, aliyeshughulikia makatizo ya mashine X1 katika tasnifu yake ya Amsterdam ya mwaka 1959, alisimulia baadaye jinsi alivyoyaogopa, kwani kosa lizaliwalo nayo halirudii kwa kuitwa.

Maikrokontrola ATmega328P, iliyomo katika bodi ya Arduino Uno, ina jedwali la vekta 26: ya kwanza ni ya kuanzia kazi, na 25 zilizosalia ni za makatizo. Mwandishi wa programu akiruhusu katizo la saa bila ya kuliandikia shughuli yake, itakuwaje? Mwongozo wajibu kwa mistari michache: programu hupelekwa kwenye vekta ya kwanza, yaani huanza upya, na kwa kawaida tukio hilo ni dalili ya kosa la programu. Kauli hii ni ya kweli, lakini ufupi wake umepita kiasi.

Kuanza upya kwa namna hii si sawa na kuanza upya kwa chombo chenyewe. Rejista ya MCUSR ina alama nne za kueleza sababu: kuwashwa kwa umeme, ishara ya nje, kushuka kwa volti, na saa ya ulinzi. Kuruka tu mpaka vekta ya kwanza hakuinui hata moja kati ya hizo. Tena rejista za vifaa hubaki zilivyokuwa. Ruhusa ya lile katizo la saa bado ipo, na programu ifunguapo makatizo kwa jumla, hurushwa mwanzoni mara ya pili, na ya tatu, na kuendelea. Fundi aonaye taa ikirudia salamu zake za kwanza bila kikomo hushika kipima umeme, hubadilisha betri, huzilaumu nyaya. Kosa la programu limesema kwa sauti ya umeme mbovu.

Mafaili ya kuanzishia ya STM32 yamechagua njia nyingine: katizo lisilo na mwenyewe huingia katika mzunguko usiokwisha, na hali ya chombo husalia ilivyo ili ichunguzwe. Njia hii ndiyo ya ukweli zaidi kwa mtafutaji wa kosa, ingawa kwa chombo kiendeshacho pampu kuganda nako kwaweza kuleta hasara.

Haki ya mwongozo isifichwe: unatoa dawa, nayo ni shughuli ya jumla iitwayo BADISR_vect, iwezayo kuwasha taa na kusimamisha kazi. Upungufu wa dawa hiyo ni kwamba makatizo yote yasiyo na mwenyewe hukutana hapo, na hakuna litajalo jina lake. Alama ya katizo la saa hufutwa na chombo mara shughuli iingiapo. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kusoma rejista za ruhusa, au kumwandikia kila mshukiwa shughuli yake yenye ishara ya peke yake. Kwa wenye Cortex-M kazi ni nyepesi, kwani rejista ya IPSR huhifadhi nambari ya mhusika.

Lililo bora katika sura hii, na litakalompendeza mwanaisimu, ni lile la tahajia. Shughuli ya katizo hutambulikana kwa jina tu. Aandikaye TIMER1_OVF_vec badala ya TIMER1_OVF_vect hakuvunja sarufi ya C, kwani jina hilo ni halali kama jina jingine lolote. Ila jedwali halilijui, na vekta ya saa hubaki tupu. Kompaila hulishuku jina la namna hiyo na kutoa onyo. Lakini onyo si katazo, na katika Arduino IDE maonyo huwa yamezimwa mpaka mtumiaji ayawashe. Mwongozo ungefanya vema kuyaweka maelezo ya tahajia ubavuni mwa yale ya kuanza upya, maana mara nyingi ni kisa kimoja kilichogawanywa kurasa mbili.