Malaika Bila Mapambo
Wapo wanaodhani kuwa wimbo hunoga kwa wingi wa ala. Nawaomba wausikilize "Malaika", uliovumishwa na Fadhili William wa Kenya, kwa waimbaji wengine wawili. Boney M waliurekodi mwaka 1981 kwa mdundo wa disko. Miguu yacheza, lakini sikio halipati habari za kijana aliyekosa mahari. Harry Belafonte na Miriam Makeba, mwaka 1965, waliuimba taratibu, sauti zikitangulia ala. Hapo ufukara wa kijana yule wasikika waziwazi. Kwetu Nkoma, ambako mahari ni ng'ombe, nani asiyemfahamu kijana wa namna hiyo? Mapambo hayakuuongezea wimbo uzuri, yaliufunika. Kilio cha asiye na kitu chatosha kwa ala chache.