Kaburi Katika Mandhari: Taashira ya Maumbile Katika Out of Africa

Katika sanaa ya mandhari ya kilimbwende, hasa michoro iliyochorwa kwa sindano na kuliwa na asidi juu ya bamba la shaba, maumbile aghalabu hubeba maana ambayo wahusika hawaisemi. Mchoro wa Mjerumani Carl Wilhelm Kolbe kuhusu Arkadia, wa yapata mwaka 1801, ni mfano bayana. Majani ya porini yamekuzwa kupita kimo cha binadamu, na mwanamume na mwanamke wamesimama mbele ya kaburi lililozungukwa na majani hayo. Marehemu hana jirani wala mdai. Amekuwa sehemu ya ardhi.

Taashira kama hiyo inatawala sehemu ya mwisho ya Out of Africa (1937) ya Karen Blixen, aliyesomea uchoraji Copenhagen kabla ya kuja Afrika Mashariki mwaka 1914. Denys Finch Hatton, aliyefariki katika ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931, anazikwa katika vilima vya Ngong, magharibi ya Nairobi. Baadaye msimulizi anapata habari kwamba simba huja kupumzika juu ya kaburi lake. Kwa picha hiyo, maumbile yenyewe yanamkubali mgeni kuwa mwenyeji.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Moving the Centre (1993), ameonyesha ubaguzi uliomo katika namna Blixen anavyowasawiri Waafrika. Hoja hiyo yafaa kupanuliwa hadi kwenye usawiri wa vilima. Katika sehemu hiyo hiyo ya kitabu shamba linauzwa, na Wagikuyu walioishi humo kama maskwota wanatakiwa kuondoka, ilhali sheria haiwaruhusu kununua ardhi hiyo. Taashira inampa marehemu mmoja kile ambacho sheria inawanyima walio hai.

Hata hivyo, Blixen aliwapigania wahamie mahali pamoja, wakatengewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Isitoshe, anakiri kwamba kumnyang'anya mtu ardhi ni kumnyang'anya pia historia yake. Hapo nathari yake inaifichua taashira yake. Nyumba yake mtaani Karen imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986, na vilima vingali vinasifiwa kwa uzuri wao. Uhakiki unaoishia kwenye sifa hizo, bila kuuliza waliohamishwa wamewekwa wapi ndani ya mandhari, unarudia ukimya wa mchoro wa Kolbe.